Karatasi, Ukurasa, Mbele na Nyuma: Namna ya Kutaja Mahali katika Vitabu vya Zamani vya Parokia



Kila mmoja wetu aliyebatizwa ana mahali pake katika kitabu cha parokia fulani. Kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa inadai kila parokia iwe na vitabu vya Ubatizo, vya ndoa na vya marehemu, na inaagiza kwamba vitabu vya zamani navyo vitunzwe kwa uangalifu. Kanuni hiyohiyo inataka Kipaimara, ndoa, Daraja Takatifu na nadhiri za daima ziandikwe pia katika kitabu cha Ubatizo, penye jina la mhusika. Kwa hiyo mstari ulioandikwa mtu angali mtoto mchanga huendelea kupokea habari za maisha yake, hata akiwa amehamia mbali.

Jimbo letu la Singida liliundwa tarehe 25 Machi 1972, kutokana na maeneo ya majimbo ya Dodoma na Mbulu. Baadhi ya parokia zetu ni kongwe kuliko jimbo lenyewe, na wengi waliobatizwa katika parokia hizo wanaishi leo Dodoma, Mwanza, Dar es Salaam na kwingineko. Wanapohitaji cheti cha Ubatizo ili wafunge ndoa, ni lazima mtu afungue kitabu cha zamani na kuupata mstari wao. Hapo ndipo maneno machache tunayotaka kuyaeleza yanapokuwa na uzito.

Tuanze na karatasi na ukurasa. Karatasi ni kile tunachokigeuza kwa kidole, nayo ina pande mbili. Ukurasa ni upande mmoja tu wa karatasi hiyo. Vitabu vya kuchapwa tulivyozoea huhesabu kurasa, lakini miswada ya kale kwa kawaida ilihesabiwa kwa karatasi, na desturi hiyo ilidumu katika madaftari mengi ya ofisi na ya Kanisa. Kilatini huiita karatasi *folium*, yaani jani. Lugha yetu nayo inalo neno la ukoo huo: waraka limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya jani na pia karatasi. Tunapousikia Waraka wa Mtume Paulo ukisomwa kanisani, jina lenyewe linatukumbusha karatasi iliyobeba maneno yake.

Kwa kuwa namba moja hubeba pande mbili, wataalamu huongeza neno la kutofautisha. Upande wa mbele, unaosomwa kwanza, huitwa *recto*. Upande wa nyuma, unaoonekana karatasi ikishageuzwa, huitwa *verso*. Kwa kifupi huandikwa f. 38r na f. 38v, yaani karatasi ya 38 mbele na karatasi ya 38 nyuma. Wengine hutumia herufi a na b kwa maana hiyohiyo.

Hesabu yake ni nyepesi, iwapo kuhesabu kumeanza na karatasi ya kwanza. Kodeksi ya Vatikani, Biblia ya Kigiriki ya karne ya 4 inayotunzwa katika Maktaba ya Vatikani, imebakiwa na karatasi 759 za asili. Hizo ni kurasa 1518. Vivyo hivyo, karatasi ya 38 katika kitabu cha parokia ina kurasa za 75 na 76. Ukurasa wa 38, kwa upande wake, uko nyuma ya karatasi ya 19. Anayeandika "38" bila kusema kama ni karatasi au ukurasa, amempa msomaji sehemu mbili zilizo mbali kabisa.

Je, kosa hilo lina madhara gani? Majina kama Maria, Yohane na Yosefu hurudiarudia katika kila kitabu, na pengine hata jina la baba hufanana. Taarifa ya ndoa iliyoandikwa penye mstari usio wake humfanya aliyefunga ndoa aonekane hajafunga, na asiyefunga aonekane amefunga. Mwaka unaofuata mtu huyo wa pili akiomba cheti apate kuoa, anakuta kizuizi kisichomhusu.

Yapo mambo mengine mawili ya kuangalia. La kwanza ni kwamba kitabu kikilazwa wazi, tunaona kurasa za karatasi mbili tofauti: kushoto ni nyuma ya karatasi iliyotangulia, na kulia ni mbele ya ile inayofuata. Baadhi ya vitabu vya Ubatizo vimepangwa ili mstari mmoja uvuke kutoka kushoto hadi kulia. Hapo ni vema kutaja pande zote mbili: "37 nyuma na 38 mbele."

La pili, maneno kulia na kushoto hayatoshi peke yake. Katika miswada ya tenzi za Kiswahili iliyoandikwa pwani kwa hati ya Kiarabu, kusoma huanzia kulia, na mbele ya karatasi huangukia upande wa kushoto. "Mbele" na "nyuma" hubaki na maana ileile katika kila kitabu.

Kwa wanaohudumu katika ofisi za parokia tunapendekeza mtindo huu: kitabu cha ngapi, karatasi au ukurasa wa ngapi, mbele au nyuma, kisha namba ya mstari. Namba za zamani zisifutwe wala kusahihishwa, hata zikiwa zimeruka. Palipo na lazima ya kuongeza namba, itumike penseli, pembeni, kwa mwandiko mdogo. Namba iliyokosekana huenda ndiyo ushahidi pekee kwamba karatasi imeng'oka au imeliwa na mchwa. Wanaopiga picha vitabu hivyo waipe kila picha jina lenye namba ya karatasi na upande wake.

Nawe mwamini, Kanuni ya 487 inakupa haki ya kupata nakala halali ya hati zinazohusu hali yako binafsi. Ukipokea cheti, usiishie kusoma jina na tarehe. Tazama pia namba za kitabu na za karatasi au ukurasa, uzinakili mahali pa salama, na uwafundishe watoto wako kufanya hivyo. Siku utakapomwandikia paroko wa parokia uliyobatizwa, namba hizo zitamfikisha moja kwa moja kwenye mstari wako.