Chombo Gani Kimfae Mvukaji Mpaka?

Mjini Gisenyi, katika Wilaya ya Rubavu, ardhi ya Rwanda na ya Kongo zimegusana kiasi kwamba mgeni huweza kuudhani mji huo na Goma kuwa mji mmoja. Kina mama wachukuao sambaza wa Ziwa Kivu, viazi na mboga hadi mpakani huchukua pia simu, ambayo siku hizi ndiyo ofisi yao na ndiyo sanduku lao la fedha. Basi mtaalamu akaaye Kigali na kuwatungia watu hao programu ya intaneti hana budi kujiuliza maswali mawili. Kazi ifanyike wapi, ndani ya simu au ndani ya mtambo ulio mbali? Na habari zisafiri kwa njia ipi baina ya viwili hivyo?

Wako waliojibu kwa haraka wakajuta. Miaka ya 2000 ilipoanza, kurasa za intaneti zilikuwa nzito na bubu: kila ubonyezapo, ukurasa wote hupakiwa upya. Ndipo zikapendwa programu za nyongeza kama Flash, na baadaye Silverlight ya Microsoft, iliyotoka mwaka 2007. Kurasa zilipata uhai na michoro ikacheza. Lakini uhai huo ulishikwa na kampuni moja moja. Simu za iPhone hazikuikubali Flash kamwe, na tarehe 31 Desemba 2020 kampuni ya Adobe ikaacha kuihudumia. Huko Afrika Kusini, idara ya kodi ilikuwa bado na fomu zilizotegemea Flash, hata ikalazimika Januari 2021 kuwatolea wananchi kivinjari chake yenyewe ili wapate kuzijaza. Hiyo ndiyo gharama ya kuchagua chombo kwa urembo wake.

Rwanda ilishika pia njia nyingine isiyo na urembo wowote. Huduma ya fedha ya MTN ilianza mwaka 2010, na hadi leo mtu hubonyeza *182# tu. Irembo, mlango wa huduma za serikali uliofunguliwa mwaka 2015, ulikuwa na tovuti yake, na pembeni yake namba *909# kwa asiye na intaneti. Katika njia hii ya nyota na reli simu haibebi programu yoyote. Orodha zote za huduma hukaa katika mtambo, na kitochi hutosha. Ubaya wake nao ni dhahiri. Ujumbe mmoja hauzidi herufi 182, mazungumzo yana muda mfupi, na yakikatika mara nyingi huanza upya. Wala huwezi kupeleka picha ya hati. Hata Kiswahili, ambacho mwaka 2017 kilipewa hadhi ya lugha rasmi nchini humo, hubanwa: maneno yetu ni marefu, na orodha ya huduma sita huweza kuujaza ujumbe wote.

Programu ya kupakua na kuweka simuni hushinda hapo, kwa kuwa huhifadhi kazi hata mtandao ukipotea. Lakini hula nafasi ya simu na kifurushi cha mwenyewe, kisha hudai kuhuishwa kila mara. Kwa maoni yangu haifai iwe chaguo la kwanza. Huduma ya msingi ipite nyota na reli; yenye hati ipite ukurasa mwepesi. Kivinjari cha leo, bila nyongeza yoyote, huweza kuihifadhi fomu simuni na kupeleka kile tu kilichobadilika.

Hata hivyo, hatari kubwa imo njiani. Karibu na mpaka, simu huweza kuuacha mnara wa Rwanda ikanasa wa upande wa pili, na mawasiliano yakakatika au yakawa ghali. Kiungo kinachoachwa wazi muda wote, kifaacho ofisini kwa kufuatilia bei zinazobadilika, hapa hukatika kila baada ya hatua chache. Afadhali maombi mafupi, kila moja likijitegemea. Na hayo pia yana mtego wake. Mama analipa, fedha zinatoka, jibu linapotea hewani. Kwa wasiwasi anabonyeza tena, na faida ya siku nzima inakwenda kwa malipo ya pili. Dawa yake ni nyepesi: simu iipe kila amri namba yake kabla ya kuituma, na mtambo ukiiona namba ileile mara ya pili urudishe jibu la kwanza bila kutoza tena. (Mtu wa redio jeshini huliona jambo hili la kawaida: ujumbe una namba, na haujafika mpaka mpokeaji athibitishe.)

Kwa hiyo mtungaji wa programu asiishie kuijaribu mezani. Aende Petite Barrière asubuhi, foleni ikiwa ndefu, mkono mmoja ukiwa na kitochi na wa pili simu janja ya bei nafuu. Atume malipo madogo huku akitembea, kisha ahesabu yaliyofika mara moja, yaliyofika mara mbili, na yasiyofika kabisa.