Dege la Gaddafi na swala wa Saanane

Hapa Buguruni ndege hazimshangazi mtu. Uwanja wa Kimataifa wa Julius Nyerere uko jirani, na mtoto aliyekulia Malapa au kwa Mnyamani huitambua ndege kwa mlio kabla hajainua macho. Lakini tangu vita vya Ukraine vilipopamba moto mwaka 2022, mazungumzo ya vijiweni yamepanda juu zaidi. Vijana hushindana kutaja madege ya mabomu ya mataifa makubwa: hili laenda mbio kuishinda sauti, lile labeba tani kadha wa kadha, na mwenye tarakimu kubwa ndiye anayeondoka na ushindi wa baraza. Safu hii haina ugomvi na vijana wapendao maarifa. Ugomvi wake ni na ile hesabu yao, kwamba tani na mbio ndizo nguvu yenyewe. Taifa hili limekwisha kupigwa na dege la namna hiyo, na habari zake zinafaa kukumbushwa.

Ilikuwa mwishoni mwa Machi 1979. Nduli Idi Amin alikuwa ameivamia Kagera Oktoba 1978, na Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa mwanzoni mwa Novemba kwamba sababu, nia na uwezo wa kumpiga tunavyo. Kufikia Machi Jeshi la Wananchi, pamoja na wapiganaji wa Uganda wenyewe, lilikuwa limekwisha kuvuka mpaka na kuingia ndani ya Uganda, likapigana na majeshi ya Amin na ya Libya huko Lukaya. Hapo ndipo Kanali Muammar Gaddafi alipotuletea salamu za ajabu: tuondoke Uganda katika muda wa saa 24, la sivyo Libya ingeingia vitani. Mwalimu hakuzificha salamu hizo. Alizitangaza hadharani, akaongeza kwamba kuingia kwa Libya hakubadili msimamo wetu juu ya Amin. Kisha likaja dege.

Dege lenyewe ni Tupolev Tu-22, kazi ya Wasovieti. Lisichanganywe na Tu-22M linalotajwa katika habari za Ukraine. Majina yanafanana, lakini hilo la pili ni dege jingine lenye mbawa zinazokunjuka na kukunjika. Tu-22 la kwanza mbawa zake zimekazwa, zimelala nyuma kama za mbayuwayu anayepiga mbizi. Mfano wake wa mwanzo uliruka mwaka 1958, na mwaka 1961 likaonyeshwa kwa watu katika maonyesho ya ndege karibu na Moscow. Yalitengenezwa yapata 300, katika mji wa Kazan. Nje ya Urusi ya Kisovieti ni nchi mbili tu zilizouziwa: Iraki na Libya.

Mwenye kulitazama angelidhani limeundwa na mshairi. Urefu wake ni zaidi ya mita 41, na upana kutoka ncha hata ncha ya mbawa ni kama mita 23 tu, mfano wa mkuki. Injini zake mbili hazikuning'inizwa chini ya mbawa kama za ndege tunazoziona zikielekea Kipawa, bali zimepandishwa juu mgongoni, moja kila upande wa mkia. Waundaji walitaka mbawa zibaki tupu na laini ili zikate upepo bila kizuizi, na kwa hilo walifaulu. Dege hilo liliweza kufikia karibu kilomita 1,500 kwa saa. Kwa mwendo huo, safari ya Dar es Salaam hadi Mwanza, ambayo basi huitumia siku nzima, ingekwisha kwa dakika 35 hivi. Tumboni liliweza kubeba bomu moja la tani 9, uzito unaomshinda tembo dume.

Hizo ndizo tarakimu za vijiweni. Sasa tutazame upande ambao hausimuliwi.

Watu watatu ndio waliokuwamo ndani. Rubani alikuwa peke yake bila msaidizi, na alitazama mbele kupitia vioo vyembamba visivyomwonyesha vizuri. Mwongoza njia alikaa mbele, chini ya rubani, na wa tatu alikaa nyuma, akiwa ameugeuzia mgongo mwelekeo wa safari, akiangalia mitambo na mzinga wa mkiani. Viti vyao vya kujiokolea havikuwarusha juu, viliwatupa chini. Maana yake ni kwamba dege likipata hitilafu karibu na ardhi, kama vile wakati wa kuruka au kutua, kiti kingemtupa mtu udongoni. Na kutua kwenyewe kulikuwa mtihani, kwa kuwa mbawa fupi zilizolala nyuma hazibebi vizuri mwendo unapopungua. Dege lilipaswa kuugusa uwanja likiwa na mbio za karibu kilomita 300 kwa saa. Ajali zilikuwa nyingi. Zaidi ya hayo, mitambo yake ya kupozea ilitumia maji yaliyochanganywa na pombe kali, na mafundi wa Kisovieti, Mungu awasamehe, walijulikana kwa kuyanywa.

Kisha kuna suala la mafuta. Mbio za kuishinda sauti hula mafuta kwa pupa, kwa hiyo sehemu kubwa ya safari dege hilo lilikwenda kwa mwendo wa kawaida, chini ya ule wa sauti. Hata hivyo, bila kujazwa mafuta angani, uwezo wake wote ulikuwa karibu kilomita 5,000, kwenda na kurudi. Kutoka Tripoli hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 4,000, kwenda tu. Mwenye dege hilo hawezi kuipiga Mwanza akarudi nyumbani kwake asipokuwa na rafiki wa kumtulia njiani. Gaddafi alimhitaji Amin kama Amin alivyomhitaji Gaddafi.

Lakini kiini cha jambo ni kulenga. Tuchukue mfano wa dege linalopita kilomita 10 juu, likienda kilomita 900 kwa saa. Bomu likiachiwa halianguki wima kama embe. Linaendelea mbele kwa mbio za dege lililolibeba huku likishuka, na huchukua kama robo tatu ya dakika kufika chini. Katika muda huo hupita karibu kilomita 10 za ardhi. Maana yake ni kwamba anayetaka kulipiga soko la Buguruni huku akitokea upande wa Pugu, hana budi kuliachia bomu lake akiwa bado juu ya Ukonga. Akikosea kwa sekunde 1, bomu limekosea kwa mita 250. Akikosea kwa sekunde 4, bomu liko umbali wa kilomita nzima, mtaa mwingine kabisa, kwa watu wengine kabisa. Na hapo hatujazungumza juu ya upepo, wala mawingu, wala ramani mbovu.

Wasovieti hawakuwa wajinga. Waliyajua hayo na yaliwasumbua kidogo tu, kwa kuwa dege hili liliundwa kubeba bomu la nyuklia hadi katika miji na kambi za Ulaya Magharibi, na bomu la namna hiyo halijali kilomita moja. Ndiyo maana liliitwa la kimkakati. Ukilinyang'anya nyuklia na kulipakia mabomu ya kawaida ili lipige shabaha moja ndogo katika mji wa kando ya ziwa, umemwita mwashi wa minara aje kuziba ufa wa chungu.

Shabaha ya siku ile ilikuwa ghala la mafuta la Mwanza. Halikuguswa. Mabomu yaliangukia kisiwa cha Saanane, kilichokuwa hifadhi ya wanyama tangu 1964. Mtu mmoja alijeruhiwa, wakafa swala kadhaa na ndege wengi. Sisi tuliosoma chuoni tunakijua kisa cha Watu wa Ndovu, jinsi jeshi la Abraha lililokuja na tembo kuivunja Kaaba lilivyopigwa na ndege wadogo wenye vijiwe. Mwaka ule wa 1979 kisa kilipinduliwa: ndovu ndiye aliyekuwa angani, na ndege ndio waliopigwa. Nalo lilitumwa kwa madai ya kumtetea ndugu katika Uislamu, likipita juu ya mji wenye Waislamu maelfu ambao hawakuwa wamemkosea Gaddafi kwa lolote.

Wapo wanaokicheka kisa hiki, na kwa swala wenyewe kicheko ni kirahisi. Safu hii haicheki sana. Ghala lile lingelipuka, askari waliokuwa mbele wangekosa mafuta na mji ungeungua. Wakazi wa Dar es Salaam hawahitaji kuelezwa mlipuko ni nini. Maghala ya silaha ya Mbagala mwaka 2009 na ya Gongo la Mboto mwaka 2011 yaliwafunza, na hayo yalilipuka bila adui yeyote. Aidha, dege lisiloweza kulenga halikosi kuua, ila tu linaua asiyetajwa katika amri. Machi 1984 Tu-22 lilipotumwa kukipiga kituo cha redio cha Omdurman, Sudan, waliokufa walikuwa raia. Iraki nayo iliyatumia madege ya aina hiyo dhidi ya miji ya Irani katika vita vyao vya 1980 hadi 1988.

Jibu letu lilitoka Aprili 1, 1979, ndege za JWTZ ziliposhambulia Kampala, Jinja na Tororo. Lakini vita havikuamuliwa angani. Viliamuliwa na askari waliotembea kwa miguu kutoka Kagera, wakisaidiwa na ile mizinga ya maroketi ambayo Waganda waliibandika jina la Saba Saba. Entebbe ilitwaliwa Aprili 7, na Kampala siku chache baadaye. Kati ya Lukaya na Kampala, Walibya wengi waliuawa au kutekwa, vijana waliotolewa mbali kuja kumfia mtu wasiyemjua.

Madege yenyewe yaliendelea kuhangaika. Februari 1986 moja liliupiga uwanja wa ndege wa N'Djamena, Chad, na safari hiyo lililenga vyema. Septemba 1987 jingine lilirudi kwenye mji huo huo, likakuta Wafaransa wamekwisha kusimika makombora, likatunguliwa. Vipuri vikaadimika, na katika miaka ya 1990 yaliyosalia yakaachwa yaote kutu viwanjani Libya. Saanane ilipandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013. Boti huvuka kutoka Mwanza mjini kwa dakika chache, na swala wapo.