Tabo Haifi Bila Sababu

Wakulima wengi siku hizi wana motokaa kubwa za dizeli zenye tabo, kama vile Land Cruiser Prado, ambazo nyingi zilikwisha tumika ng'ambo kabla ya kuletwa Kenya. Motokaa hizi zafaa sana kwa barabara zetu. Hupeleka maziwa, huvuta trela, na usiku humfikisha mgonjwa hospitali. Lakini siku gari likikosa nguvu mlimani na kutoa moshi mweusi, mara nyingi mwenyewe huambiwa, "Tabo imekufa, lete pesa tununue nyingine." Basi ng'ombe wa maziwa huuzwa, tabo nyingine hutiwa, na baada ya majuma machache mambo huwa yale yale.

Msomaji, shika neno hili moja: tabo haifi bila sababu, na pengine hiyo inayoshtakiwa haijafa hata kidogo. Tafuta sababu kwanza, ndipo utoe pesa. Sehemu kubwa ya kazi hii waweza kuifanya mwenyewe nyumbani, ukiwa na bisibisi, spana chache, tochi na kitambaa safi.

TABO NI NINI?

Tabo ni pampu ya hewa inayoendeshwa na moshi wa injini. Fikira hii ilianzishwa na Alfred Büchi, injinia wa Uswisi, aliyeiandikisha kuwa yake mwaka 1905. Ndani ya tabo mna magurudumu mawili madogo yenye mapanga, yaliyofungwa kwenye shafti moja. Moshi ukitoka kwenye injini kwa nguvu hulizungusha gurudumu la kwanza. La pili huzunguka pamoja nalo, huvuta hewa kutoka kwenye filta, na kuishindilia ndani ya injini. Hewa ikiwa nyingi, dizeli nyingi yaweza kuungua vizuri, na nguvu huongezeka.

Jambo hili lina faida kubwa kwa watu wa nyanda za juu. Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi: ni kama sehemu nne tu kati ya tano za ile ya Mombasa. Injini isiyo na tabo huona upungufu huo mara moja.

Lakini magurudumu hayo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja, na kinachoizuia shafti isisagike ni utando mwembamba wa oili tu. Kwa hiyo maadui wakubwa wa tabo ni wawili: oili mbaya, na vumbi.

JINSI YA KUCHUNGUZA

Kabla ya kuanza, simamisha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka mawe kwenye magurudumu, na ngoja injini ipoe kabisa.

Kwanza, tazama moshi. Moshi mweusi maana yake ni kwamba dizeli imezidi hewa. Labda filta imeziba, labda mpira wa hewa umepasuka, au nozeli ni mbovu. Moshi wa buluu maana yake oili inaungua. Yaweza kuwa imepita kwenye tabo, lakini yaweza pia kuwa ringi za pistoni zimekwisha. Moshi mweupe usiokwisha injini ikiwa moto ni dizeli isiyoungua, au ni maji ya rejeta. Ikiwa maji hupungua kila siku na huoni yanapovuja, usiendelee kuliendesha gari.

Pili, chunguza mipira ya hewa. Hii ndiyo sababu ambayo mara nyingi husahauliwa. Fuata njia ya hewa kutoka kwenye tabo mpaka kwenye kipoza-hewa, kile chombo kinachofanana na rejeta ndogo, halafu mpaka kwenye injini. Kila mpira uukunje kidogo kwa mkono na kuumulika chini yake, kwa maana nyufa hujificha upande usioonekana. Kaza klipu zilizolegea. Mahali penye alama ya oili na vumbi lililogandamana, hapo huenda ndipo hewa inapotoroka. Tazama pia vile vipira vyembamba kama mrija. Kimoja kikichomoka, tabo haitafanya kazi yake ingawa ni nzima.

Tatu, sikiliza. Mluzi mdogo wa tabo si ugonjwa. Sauti ya "fyuu" ya hewa inayovuja ukikanyaga mafuta huonyesha mpira uliopasuka. Mlio mkali kama king'ora, ambao haukuwako zamani, ni dalili mbaya, zima injini.

Nne, pima shafti. Injini ikiwa imezimwa na ni baridi, fungua mpira unaotoka kwenye filta kwenda kwenye tabo, uguse gurudumu kwa kidole. Lazima lizunguke laini. Likicheza kidogo sana upande kwa upande, usiogope. Lakini mapanga yakigusa ukuta, au yakiwa yamelika, au shafti ikisogea wazi mbele na nyuma, hapo tabo imeharibika kweli. Pitisha kitambaa cheupe ndani ya mpira huo. Ukipata vumbi jekundu, filta haikuzuia uchafu, na hata tabo mpya italiwa vile vile. Kamwe usifanye uchunguzi huu injini ikiwaka: kidole hukatika, na hata nati ndogo ikivutwa ndani huvunja kila kitu.

Tano, kama taa ya injini inawaka, mwombe fundi mwenye kifaa cha kusomea hitilafu akupe namba yake. Namba P0299 hutokea mara kwa mara. Maana yake ni kwamba hewa inayoshindiliwa haitoshi. Haisemi kwamba tabo imekufa. Mpira uliopasuka waweza kuleta namba hiyo hiyo.

KWA WENYE INJINI YA 1KD-FTV

Injini hii ya Toyota ya lita 3.0, iliyoanza kutumika mwaka 2000, ina udhaifu unaojulikana. Chini ya nozeli mna vipete vya shaba ambavyo mafundi huviita washa. Vikichakaa, moshi wa silinda huingia kwenye oili, na oili hugeuka nzito kama lami. Uchafu huo huziba chujio la waya lililo chini ya injini, mahali pampu inapofyonzea oili, na tabo pamoja na injini hukosa oili. Mwenye injini hii asitie tabo mpya kabla chujio hilo na washa hazijaangaliwa. Na taa ya oili ikiwaka, hata kidogo tu, zima gari papo hapo.

MATUNZO

Badilisha oili na filta yake kwa wakati. Fuata kitabu cha gari, lakini kwa gari la shamba, lenye safari fupi na vumbi jingi, kila kilomita 5,000 ni desturi nzuri. Tumia aina ya oili iliyotajwa kitabuni, wala usichukue ya rahisi.

Ukiwasha gari asubuhi, usikanyage mafuta kwa nguvu. Ipe oili nafasi ya kufika kwenye tabo. Ukitoka kupanda mlima na mzigo, usizime ghafula. Iache injini ingurume polepole dakika moja au mbili, ili tabo ipoe na oili isiungue ndani yake.

Filta ya hewa ya karatasi usiioshe kwa maji wala petroli, wala usiipige kwenye jiwe. Imulike kwa tochi kutoka ndani. Ukiona tundu, itupe. Hakikisha kifuniko chake kimeshika pande zote.

KAZI YA KUMWACHIA FUNDI

Usilegeze mabomba ya chuma ya dizeli yanayokwenda kwenye nozeli, hasa injini ikiwaka. Katika injini za siku hizi dizeli husukumwa humo kwa nguvu nyingi mno hata hupenya ngozi ya mtu, na jeraha lake, ingawa laonekana dogo, lahitaji daktari upesi.

Ikiwa uchunguzi umeonyesha kwamba tabo imekufa kweli, muulize fundi maneno manne kabla ya kulipa. Ni nini kilichoiua ya kwanza? Je, bomba la kuipelekea oili na lile la kuirudisha yatasafishwa au kubadilishwa? Je, oili na vipande vya chuma vilivyobaki kwenye mipira na kipoza-hewa vitaondolewa? Je, tabo mpya itatiwa oili kabla injini haijawashwa? Fundi mwema atafurahi kuulizwa. Asiyeweza kujibu swali la kwanza, mwambie angoje, na ng'ombe wako abaki zizini mpaka jibu lipatikane.