Kusoma Ukubwani, Sehemu ya Pili: Waliopitia Chuoni

Wiki iliyopita tulitazama yaliyowakosesha shule watu wengi wa Likoni, Kisauni na Changamwe: mzigo wa gharama uliowaangukia wazazi baada ya sera ya mwaka 1988, na ghasia za Likoni za Agosti 1997 zilizozihamisha familia nzima. Elimu ya msingi bila malipo ilipokuja Januari 2003, wengi wao walikuwa watu wazima. Mzee Kimani Maruge wa Eldoret aliingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84, na dunia ikamsifu. Lakini mama wa Mtopanga mwenye watoto na genge la mboga hawezi kukaa na watoto darasani kutwa nzima. Njia yake ni ngumbaru, yaani masomo ya watu wazima, jioni, kazi zikipungua.

Mwulize mama huyo kama amesoma. Atasema, "Mimi sikusoma." Mwulize kama alikwenda chuoni, yaani madrasa, utasikia kwamba alikhitimu Kurani angali msichana. Utafiti wa kitaifa wa 2006 ulikuta asilimia 38.5 ya watu wazima wa Kenya hawajafikia kiwango cha chini cha kusoma na kuandika. Naamini katika pwani yetu wamo wengi kwenye hesabu za namna hiyo ambao macho yao yalizoea maandishi zamani, ila ya Kiarabu, si haya ya Kilatini.

Jambo hili lina uzito darasani. Mtu huyu anajua tayari kwamba alama husimamia sauti, kwamba mstari hufuatwa kwa kidole bila kuruka, na kwamba kosa la irabu moja huharibu neno. Kumwanzisha kama mtoto wa chekechea ni kumpotezea wakati, na wakati ndio kitu alicho nacho kidogo zaidi.

Shida zake ni nyingine. Mkono wake huelekea ukingo wa kulia wa ukurasa, ambako hati ya Kiarabu huanzia. Halafu ziko irabu: chuoni alifunzwa fatha, kasra na dhumma, yaani tatu, na Kiswahili kina tano. Kwa hati ya Kiarabu, sini yenye kasra na mimu yenye fatha zaweza kuwa "sema" au "sima"; vivyo hivyo "toa" na "tua". Basi anapoandika "nimisima" akikusudia "nimesema", hajakosa akili. Anafuata kanuni aliyofunzwa. Mwalimu asiyejua hivyo humsahihisha kwa kalamu nyekundu, na wiki ya pili mama haonekani tena.

Wazee wetu waliliona tatizo hili mapema. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890, alibuni alama za kuzitenganisha irabu hizi katika hati ya Kiarabu. Ningependa walimu wa ngumbaru wafunzwe kazi yake. Jioni mbili za e na i, o na u, kwa maneno ya jikoni na ya ujumbe wa M-Pesa, zina faida kuliko mwezi wa kuimba alfabeti.

Cheti tutakizungumza sehemu ya tatu, maana KCSE ya mfumo wa 8-4-4 inafikia mwisho 2027. Kwa sasa naomba swali moja liongezwe siku ya kuandikisha wanafunzi: "Mama, chuoni ulifika juzuu gani?" Jibu litamwonyesha mwalimu pa kuanzia.

(Itaendelea)