Je, Wajua? Zama za kabla ya vitabu

Je, wajua kwamba nyayo za Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, zilifichuliwa na mchezo? Mwaka 1976 watafiti wa kambi ya Mary Leakey walikuwa wakirushiana mavi makavu ya tembo. Andrew Hill, katika kukwepa, akajikuta uso kwa uso na alama za wanyama kwenye majivu ya volkano yaliyogeuka jiwe. Miaka miwili baadaye zikaonekana nyayo za viumbe wa miguu miwili, waliopita hapo miaka milioni 3.6 hivi iliyopita. Mvua ilikuwa imeyalowesha majivu. Jua likayakausha, na majivu mengine yakaja kuyafunika. Kidole gumba kimelala sambamba na vingine, kama chako.

Kwamba fuvu la Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu, lilionekana Olduvai tarehe 17 Julai 1959, Mary akiwa matembezini na mbwa wake? Mumewe Louis, aliyelisaka bonde hilo tangu 1931, siku hiyo alikuwa kambini, hoi kwa mafua.

Kwamba zana za mawe za Lomekwi, ng'ambo ya magharibi ya Ziwa Turkana, zina miaka milioni 3.3? Ni za kale kuliko mfupa wowote wa jenasi yetu, Homo, uliokwisha kupatikana.

Kwamba mifupa ya kijana wa Nariokotome, yenye miaka milioni 1.5 hivi, iligunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984? Mkenya huyu aliona kipande kidogo tu cha fuvu katikati ya kokoto. Jina lake lilistahili kuwamo katika kila kitabu cha historia cha shule ya msingi.

Kwamba kaburi la kale zaidi la binadamu lililokwisha kupatikana Afrika liko Kilifi, katika pango la Panga ya Saidi? Alizikwa mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, miaka 78,000 iliyopita. Walimchimbia shimo, wakamlaza kwa ubavu wa kulia, magoti kifuani. Mkao wa mifupa unaonyesha kwamba kiwiliwili kilifungwa sanda, na kichwa kiliegemezwa juu ya kitu kilichooza zamani. Kwa maneno mengine, walimwekea mto. Watafiti wakamwita Mtoto.

Kwamba mfupa wa Ishango, kutoka kando ya mto Semliki huko Kongo, una mikato iliyochongwa kwa mafungu miaka 20,000 hivi iliyopita? Wengine husema ni hesabu, wengine kalenda ya mwezi. Mimi nashuku deni.

Kwamba Çatalhöyük, Uturuki, miaka 9,000 iliyopita, watu waliingia majumbani kwa ngazi kupitia paa, na wafu wao wakazikwa chini ya sakafu?

Na kwamba mabamba ya udongo ya Uruk, kusini mwa Irak, yaliyo miongoni mwa maandishi ya kwanza duniani, mengi ni daftari za ghala? Shayiri imeingia kiasi gani, kondoo wangapi, bia ya nani. Hadithi za miungu zilisubiri karne kadhaa. Karani alikuwa na kazi.