Alidhani Nina Mtoto wa Siri, Kumbe Ni Dainosa!

Sanduku lilikuwa chini ya kitanda, limefungwa kwa mkanda wa zamani kwa sababu zipu ilishakufa. Mchumba wangu alikuja kunisaidia kuhama chumba changu cha Kihonda. Akalivuta, mkanda ukakatika, wakamwagika sakafuni dainosa 43 wa plastiki.

Akanyamaza. Akaokota mmoja, akamgeuzageuza, kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Mtoto ana miaka mingapi?"

Shosti, usicheke. Posa ilishapokelewa, nusu ya mahari ilishatolewa, na mwenzangu amesimama pale akiamini kabisa kwamba nina mtoto nimemficha kwa bibi yake huko Matombo. Nilipomwambia, "Hakuna mtoto, hii ni midoli yangu mwenyewe," ndiyo nikaharibu zaidi. Mwanamke wa miaka 31 anacheza na midoli? Akaaga, akaondoka. Wiki nzima napiga simu, hapokei.

Nilivyoanza

Wanaopekua mitumba wanajua kwamba kwenye mizigo ya vitu vya watoto huwa kuna midoli humo humo. Miaka minane iliyopita, hapa hapa Morogoro, nilikuwa natafuta viatu nikakutana na mjusi wa shingo ndefu, mguu mmoja umetafunwa. Muuzaji akataka shilingi 500. Nikampa.

Kwa nini? Nikiwa darasa la nne, mwalimu alituambia kwamba mjusi mkubwa wa Tendaguru, mkoani Lindi, alichukuliwa enzi za Mjerumani akapelekwa Berlin, na hajarudi. Ni kweli. Wajerumani walichimba pale kuanzia mwaka 1909 hadi 1913, na mifupa yake ikasimamishwa kwenye jumba la makumbusho la Berlin mwaka 1937. Ana urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, na hakuna mifupa halisi ya dainosa iliyosimamishwa popote duniani inayomfikia. Nilipomwona yule wa mitumba nikasema, huyu si ndiye?

Nikasoma chini ya tumbo, maana midoli mizuri huandikwa jina hapo. Lilikuwa Brachiosaurus. Nikaanza kufuatilia, na hapo ndipo ugonjwa uliponishika. Brachiosaurus ni jina alilopewa mnyama wa Colorado, Marekani, mwaka 1903. Mwaka 1914 Mjerumani Werner Janensch akampa wa Tendaguru jina hilo hilo, akiwaona ni ndugu wa karibu. Mwaka 2009 mtafiti Michael Taylor alilinganisha mifupa yao mmoja mmoja, akaonyesha kwamba tofauti ni nyingi mno, na wa kwetu anastahili jina lake, Giraffatitan. Lakini kwa miaka mingi watengeneza midoli waliiga mifupa ya Berlin kwa sababu ndiyo iliyokamilika zaidi. Kwa hiyo ukikuta mdoli umeandikwa Brachiosaurus, halafu kichwani ana nundu iliyopanda juu ya macho, jua umeshika Mtanzania mwenye jina la Mmarekani.

Navyowapima

Kila ninayemnunua namwandikia kwenye kaunta buku, nampa alama kati ya 10. Vipimo vyangu ni hivi:

Mkia. Midoli ya zamani inaburuta mikia chini kama mamba. Wataalamu walishaachana na mawazo hayo. Hata yule wa Berlin aliposimamishwa upya mwaka 2007, mkia wake uliinuliwa. Mkia ukiburuta, alama mbili zinaondoka.

Viganja. Dainosa wala nyama viganja vyao vilitazamana, kama mtu anayepiga makofi. Ukiona vimeelekea chini kama vya mpiga kinanda, huyo kaundwa na mtu asiyesoma.

Miiba. Hapa namzungumzia Kentrosaurus, naye wa Tendaguru, aliyepewa jina na Edwin Hennig mwaka 1915. Kampuni kama Schleich ya Ujerumani zimewahi kumtengeneza. Ana mwiba mrefu kila upande. Zamani uliwekwa nyongani, siku hizi wataalamu wengi wanauweka begani. Mimi ninao wawili, mmoja wa kila aina. Wa begani ana 8, wa nyongani ana 5.

Kusimama. Joto letu hulegeza plastiki, na wa miguu miwili huanguka kifudifudi. Mtumbukize miguu kwenye maji ya moto, mnyooshe, kisha mweke kwenye maji baridi. Anasimama.

Wanaofaulu nawapeleka Uluguru kupiga picha. Napanda nao hadi Morningside, lilipo jengo la zamani la Wajerumani. Ukungu ukishuka, ukamweka mjusi kwenye ukoka karibu na kijito, ukainamisha simu chini kabisa, utaapa anapumua.

"Njoo umwone mtoto"

Siku ya nane nikamtumia ujumbe: "Jumapili nipo Morningside. Njoo umwone mtoto."

Akaja, uso umekunjwa. Nikawapanga watatu juu ya jiwe. Nilipotaja Tendaguru akanikatiza: "Tendaguru ya kwetu?" Nikasahau kwamba mchumba wangu ni mtu wa Lindi! Akaniambia babu yake alikuwa akisimulia habari za watu kubeba mifupa ya mawe kichwani hadi bandarini, naye akiwa mtoto alidhani ni hadithi tu.

Nikamwambia si hadithi. Mamia ya watu waliajiriwa kuchimba, na kutoka pale hadi Lindi mjini ni kama kilomita 60. Zaidi ya tani 200 zilisafirishwa kwenda Ujerumani. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Mwafrika, Boheti bin Amrani, aliyeijua kazi hiyo kuliko wengi. Lakini majina mengi ya wanyama wale yalitukuza Wajerumani.

Alimshika yule wa mguu uliotafunwa kwa muda mrefu. Kisha akauliza: "Kwa nini ulinificha?"

"Niliogopa utanicheka."

"Ningekucheka, ndiyo. Halafu ningezoea. Mimi midoli haikunikera. Nilichokiona ni sanduku limefungwa, nikajiuliza, mangapi mengine kayafunga huyu?"

Sikuwa na la kujibu. Miaka miwili ya uchumba, nilimwonyesha mshahara wangu, ndugu zangu, hata madeni yangu, lakini kitu kinachonifurahisha kuliko vyote nilikisukuma chini ya kitanda. Wewe unayesoma, kama una cha kwako, iwe ni stempu, mashairi au dainosa, mwambie mwenzio kwa mdomo wako kabla mkanda haujakatika.

Tumeoana. Sasa wako kwenye kabati la sebuleni, na mama mkwe akija huwapangusa vumbi mwenyewe. Yule wa shilingi 500 nimemwandikia tumboni kwa kalamu jina lake halisi.

Juzi mume wangu alinipigia simu kutoka Msamvu, makelele ya wapiga debe tele. "Nimeona mmoja hapa, mkubwa, elfu tatu. Ila mkia unaburuta. Nichukue?"

"Viganja je?"

Kimya kidogo. "Mpiga kinanda."

"Achana naye, baba. Rudi nyumbani."