Unakwenda Kupanda Kilimanjaro? Ujue Kwanza Ugonjwa wa Mwinuko

Watanzania wengi hupanda Mlima Kilimanjaro, hasa kuelekea Desemba 9, kukumbuka usiku ule wa 1961 Mwenge wa Uhuru ulipowashwa kileleni. Huku kwetu, tangu 2002 mgodi wa Geita umekuwa ukiandaa kampeni ya kupanda mlima huo ili kuchangia mapambano dhidi ya VVU na UKIMWI. Kwa hiyo hata wewe wa Segese unaweza kujikuta siku moja kwenye geti la Marangu. Kabla hujafunga begi, soma haya.

Kwa nini mtu mwenye afya augue mlimani?

Segese ipo kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Kilele cha Uhuru kipo mita 5,895. Kadiri unavyopanda, hewa huwa nyepesi na kila pumzi huleta oksijeni kidogo zaidi. Kileleni unapata karibu nusu ya ile inayopatikana pwani. Mwili unaweza kuzoea, lakini unahitaji siku kadhaa.

Nguvu hazikulindi. Kijana anayeshinda kwenye maduara akibeba mawe anaweza kuzidiwa, na mama wa makamo anayetembea polepole akafika. Mwenye nguvu mara nyingi huponzwa na haraka yake.

Dalili ni zipi?

Kichwa kuuma, kichefuchefu au kutapika, kizunguzungu, kukosa hamu ya kula, uchovu na usingizi wa kukatika. Hapa ndipo penye mtego: sisi wa Kanda ya Ziwa dalili hizi tumezoea kuziita malaria. Mtu humeza dawa mseto na kuendelea kupanda, na hali huzidi.

Ukishapita mita 2,500, kichwa kikianza kuuma, chukulia kwanza kuwa ni mwinuko. Mwambie mwongozaji. Pumzika hapo hapo, usipande tena mpaka dalili ziishe. Zikizidi, shuka. Ukiwa na homa, shuka pia ukapimwe malaria.

Shuka mara moja, hata kama ni usiku, ukimwona mwenzako:

- anapepesuka kama mlevi, au hawezi kutembea kwenye mstari ulionyooka;
- anachanganyikiwa, au ana usingizi mzito usio wa kawaida;
- anahema kwa shida hata akiwa amekaa, au anakohoa makohozi yenye povu au damu.

Hapo ubongo umevimba au mapafu yanajaa maji, na anaweza kufa ndani ya saa chache. Oksijeni ya mtungi husaidia, lakini haichukui nafasi ya kushuka. Asishuke peke yake.

Kabla ya safari, fika kituo cha afya kama:

- una selimundu, au kuna mwenye selimundu katika familia yenu. Ugonjwa huu ni mwingi Kanda ya Ziwa, na upungufu wa oksijeni unaweza kuamsha maumivu makali;
- umekohoa wiki mbili au zaidi, hasa kama unafanya kazi kwenye vumbi la mgodi. Pima kifua kikuu kwanza;
- una homa. Pima malaria kabla hujapanda basi;
- ni mjamzito, au una presha, pumu, kisukari au ugonjwa wa moyo.

Ipo dawa ya kusaidia mwili kuzoea mwinuko, asetazolamaidi. Ipangwe na daktari, usiinunue kwa kusikia.

Ukiwa mlimani

Njia ya Marangu ina vituo vya kulala vya Mandara (mita 2,720), Horombo (mita 3,720) na Kibo (kama mita 4,700). Kama uwezo upo, chagua safari ya siku sita badala ya tano, ulale Horombo usiku mbili. Tembea mwendo unaokuruhusu kuongea. Kunywa maji, kula hata kidogo, acha pombe na dawa za usingizi. Badilisha nguo zikilowa, maana baridi nayo huua.

Wengi huficha dalili kwa sababu wamechangiwa nauli na wanaona aibu kurudi bila picha ya kileleni. Waliokuchangia wanataka urudi nyumbani. Mwongozaji akisema geuka, geuka. Mlima utaukuta palepale mwaka mwingine.